Kigari Chenye Sura ya Gari la Bwana Shauri

Enzi za Mwingereza, pale Ulemo, Waafrika wenye magari tulikuwa wawili tu: mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Langu lilikuwa pikapu kuukuu lililotoka jeshini baada ya vita. Halikuwa na sura. Milango niliifunga kwa waya, na rangi yake ilikuwa ya vumbi hata likioshwa. Lakini injini yake ilikuwa kubwa, ya silinda sita, na ikinguruma ng'ombe waliacha kunywa maji. Nilibeba karanga, ngozi na wagonjwa, na hakuna mlima ulionirudisha nyuma.

Binamu yangu akanunua kigari cheusi kilichotengenezwa kifanane na magari ya wakubwa. Mbele kilikuwa na meno ya kung'aa na taa kubwa za mviringo, sawasawa na gari la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Kwa mbali usingejua tofauti. Ukifungua boneti ndipo ulipokiona kiinjini chake, kinalia kama cherehani. Nilimwambia kila mtu kwamba lile si gari, ni sura ya gari. Walicheka, kisha wakaenda kuomba wapandishwe.

Siku ya kwanza alipopita nacho sokoni, wanaume ambao hawajalipa kodi ya kichwa walitimka, wakajificha kwenye mtama. Waliobaki walivua kofia. Hata walipomtambua hawakukasirika. Walikizunguka kigari wakijitazama kwenye boneti. Mmoja wao nilikuwa nimempeleka mama yake hospitali juzi yake tu. Mimi hakuna aliyewahi kunivulia kofia. Niliona wivu, na sioni sababu ya kuuficha.

Kisha dada yangu mdogo akaposwa Kinampanda. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kumfikisha kwa wakwe. Nilipaka pikapu rangi, nikaikaza milango, nikamshonea mto wa kiti cha mbele. Nilitaka watu wamwone akishuka kwenye gari langu, basi. Harusi ilipokaribia alinijia uani, akaniamkia shikamoo, akainamisha kichwa.

"Lako litanifikisha, kaka," alisema, "lakini lile litanipendeza."

Nikaachiwa mama, akina shangazi na vibuyu vya asali. Siku ya safari nilimfuata binamu nyuma nikila vumbi lake, na njia nzima nilikuwa nauombea mlima uje. Ukaja, ule wa kabla ya kufika Kinampanda. Kigari kilishika gia ya kwanza, kikakohoa, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma mpaka binamu akakanyaga breki kwa miguu yote. Nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli. Nikasimamisha pikapu kando yake, nikafungua mlango, nikapangusa ule mto, nikamwambia dada ahamie.

Alinitazama dirishani, shela lake halina hata vumbi.

"Tangulia, kaka. Sisi tunakuja."

Hapo shangazi mmoja akaruka chini kutoka kwenye pikapu, akajifunga khanga kiunoni, akaweka mikono nyuma ya kigari. Wa pili akafuata, na wengine wote. Wakaanzisha wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, na kigari kikasogea. Niligeuka kumwomba mama angalau yeye abaki. Kumbe alikuwa ameshashuka, ameshika viatu mkononi, anacheka kama msichana.

Nikaupanda mlima kwa gia ya pili, bila taabu yoyote, mimi na vibuyu. Juu kule ukoo wa bwana harusi ulikuwa umejipanga barabarani. Waliposikia mngurumo walipiga vigelegele, wanawake wakaja mbio, wakachungulia ndani, wakakuta kiti kitupu. Mama wa bwana harusi alinisalimu vizuri, kisha akaniuliza bibi harusi yuko wapi. Nilimwonyesha kule chini wimbo ulikotoka.

Wakateremka wote kwenda kusukuma.