Bafta ya Bawa la Kushoto

Siamini bado. Jana alasiri tumemzika Rashidi hapa Shelui, na leo asubuhi nimefungua cherehani nikawa namsubiri aje kunisumbua kuhusu bawa la kushoto.

Kwa msiomjua: Rashidi alikuwa fundi baiskeli. Banda lake linatazamana na langu, ng'ambo ya barabara ya malori. Miaka mitatu alikuwa anaunda ndege, ya kuruka kweli.

Aliona picha ya ile ndege ya kwanza kabisa kwenye simu ya mteja. Mabawa ya juu na chini, mbao, kitambaa, minyororo ya baiskeli. Akasoma kwamba walioiunda walikuwa ndugu wawili, mafundi baiskeli. Akavuka barabara mbio, mikono imejaa grisi. "Mama Tumaini, hawa ni watu wa kazi yangu. Mimi nishindwe nini?"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kisha nikamuuliza mabawa yanakula mita ngapi. Ndivyo nilivyoajiriwa, bila mkataba wala interview.

Tukanunua jora zima la bafta nyeupe. Kwetu bafta nyingi hivyo ni ya sanda tu. Muuza duka akatupa pole, na sisi tukaitikia "asante" bila kufikiri. Kumbe tumetangaza msiba. Tulipofika kwa kina Rashidi uwanja umejaa: akina mama na kuni na unga, wazee kwenye mikeka, na mama yake analia bila kujua anamlilia nani.

Rashidi akapita kwa wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Alipomaliza akasema, "Wazee wangu, hakuna aliyefariki. Bafta ni ya ndege."

Mzee Shabani, jirani yake, akasema, "Basi pikeni huo unga. Kuni za msiba hazirudi nyumbani."

Tukala ugali, Rashidi akawaonyesha mbao za mabawa. Siku ile ndege ikapata watu wake. Hao hao ndio walioshika kamba siku ya majaribio.

Maana kabla ya mtu kupanda, Rashidi alitaka kwanza iruke ikiwa imefungwa kamba, kama kishada cha watoto. Mahali pa rubani tukafunga gunia la alizeti. Huu upepo wetu wa Singida, unaotuezulia mapaa na kututia vumbi kwenye mboga, ni yeye peke yake aliyekuwa anauombea uje. Ukaja. Ndege ikanyanyuka juu kuliko paa la msikiti, wanaume kumi wanaburuzwa na kamba wanacheka.

Rashidi alikaa chini kwenye vumbi akalia. "Gunia limenitangulia," akasema.

Ilipotua nikaona mshono wa bawa la kushoto umeanza kuachia. Mshono wangu. Injini ya pikipiki ilishafungwa kwenye ndege, upepo ulikuwa mzuri, na yeye alitaka kupanda Ijumaa baada ya swala. Nikamkatalia. Nikamwambia kazi ya mikono yangu haitaua mtu, subiri nivue kitambaa chote nishone upya.

Alinung'unika. "Boss, deadline yetu ni upepo." Lakini alisubiri.

Mimi nikapata sare za shule. Nikapata gauni la harusi. Bafta niliyoivua kwenye bawa ikakaa kwenye rafu, na kila asubuhi alikuwa ananipungia spana kutoka ng'ambo, kunikumbusha.

Jumatatu presha ikampanda akiwa ameinamia baiskeli ya mteja. Jumanne alfajiri hatunaye.

Wakaja watu wale wale, na kuni, na unga. Mzee Shabani alizipanga kuni mwenyewe. Walipoulizia sanda nikavuka barabara nikaitoa bafta ya bawa kwenye rafu. Nikaja nayo na mkasi, uzi na sindano, maana mikono yangu haijui kingine. Shehe akaniambia kwa upole, "Mama, sanda haishonwi." Nikarudisha sindano kwenye pochi.

Mama yake aliniuliza jambo moja tu. "Alishapanda lakini?"

Nikamjibu, bado, mama.

Watu wananiambia nilifanya vizuri, kwamba mshono ule ungemuua. Huenda. Lakini ilikuwa kazi ya siku mbili, na mimi niliiweka wiki tano. Inaniuma, na sioni wa kumsingizia.

Fundi wangu Rashidi, upepo umeanza tena tangu asubuhi, mabati yanagonga. Nimenunua bafta nyingine. Muuza duka akanipa pole, nikaitikia, na safari hii ilikuwa pole yenyewe. Kitambaa cha bawa la kushoto kiko kwenye cherehani sasa hivi, kila mshono naupitisha mara mbili. Wazee wameshaniuliza kamba iko wapi.

Lala salama, Rashidi. Wewe ulinisubiri. Mimi ndiye niliyechelewa.