Siku Burl Kovarik Alipokula Kwa Ozment

Wilaya nzima ilijua kwamba Burl Kovarik hajawahi kukanyaga Kwa Ozment. Watu walitoka Houston, walitoka Dallas, wengine walipanda ndege kutoka majimbo yenye theluji, wakaja kupanga mstari mbele ya kile kibanda cha mabati ili wale kidari cha ng'ombe kilichoivishwa taratibu kwa moshi. Burl alikaa dakika arobaini tu kutoka hapo. Kwa miaka ishirini na sita alikipita akienda kutengeneza pampu za visima vya wafugaji, naye kila akikikaribia alipandisha vioo vya pikapu ili harufu isimwingie. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba mwenye kisima nyumbani haombi maji kwa jirani.

Kisima chake kilikuwa tanuri la chuma alilolichomelea mwenyewe kutoka tangi kuukuu la gesi. Lilikaa nyuma ya nyumba chini ya paa la bati, na hakuna shughuli ya parokia yao iliyopita bila moshi wake: ubatizo, jubilei za mapadri, mazishi, na ile sherehe ya kila Agosti ambapo watu mia sita walikula na kucheza polka mpaka soli zikalegea. Burl alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, aproni imemganda kifuani kwa mafuta, na akilala alilala usingizi wa mtu mwema. Tena alikuwa jaji wa mashindano ya nyama ya wilaya. Kuhusu samaki aliowavua alidanganya kama wanaume wote wa Texas, lakini kuhusu nyama hakuwahi kusema uongo. Mwaka mmoja alimpa ndugu yake wa tumbo moja alama za mwisho, na ndugu huyo akakaa Krismasi mbili bila kumpa mkono.

Basi mwezi Julai bintiye akaja na jambo lake. Renae alikuwa mtoto wa pekee, miaka thelathini na minne, daktari wa farasi, mwenye taya la baba yake na ulimi wa mama yake. Angeolewa Oktoba katika ukumbi wa dansi wa kijijini, na Burl alikwisha kutenga magogo ya mwaloni ya kupikia harusi hiyo, yamekaushwa mwaka mzima. Renae akamwambia mezani, bila kuzunguka mbuyu, kwamba nyama ya harusi itatoka Kwa Ozment.

Burl aliweka uma chini. Watu watasema nini? Baba mzima, mwenye tanuri lake, harusi ya binti yake ilishwe na wengine? Kwa jinsi alivyolelewa, baba ampendaye mwanawe husimama motoni kwa ajili yake, na maneno mengine ni ya watu wasiojua kupika. Kwa wiki tatu nyumba haikukalika. Mkewe Lorene aliwakumbusha kwamba wanaooana ni watu, si ng'ombe, kisha akaenda zake kupalilia nyanya. Mwisho Renae akakata maneno.

"Sikia, Baba. Jumamosi tunakwenda wote wawili. Utakula, halafu utasema ukweli. Kama yako ni bora, pika wewe, na mimi sitafungua mdomo tena. Kama yao ni bora, wanapika wao."

"Na jaji ni nani?"

"Wewe."

Burl alicheka mpaka akakohoa. "Umekwisha, binti yangu. Hujui kwamba mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake?"

"Kwenye nyama? Wewe? Thubutu."

Jumamosi walifika saa moja asubuhi, na kibanda hufunguliwa saa tano. Tayari kulikuwa na watu wapata themanini, na viti vyao vya kukunja, na visanduku vya barafu, na bia mikononi asubuhi yote ile. Kijana mmoja alikuwa amelala kabisa kwenye kitanda cha kambi, kofia usoni.

"Hata bango hawana," Burl alinong'ona.

"Kizuri chajiuza, Baba."

"Hata ofisi ya leseni za magari watu hupanga mstari. Umeona nani akiisifu?"

Mbele yao aliketi mama mmoja mnene mwenye kofia ya nyasi, Oleta Gaines, mwalimu wa kwaya mstaafu, ambaye hakukosa Kwa Ozment kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Renae alimkaribisha kolache za Lorene, vile vimkate laini vyenye jamu ya aprikoti katikati. Oleta akachukua viwili, akamtazama Burl toka kofia mpaka buti.

"Mara ya kwanza, eh?"

"Nani, mimi? Mimi nilianza kula nyama hujazaliwa, mama."

"Hujui nilizaliwa lini, mzee, na ukijaribu kukisia tutakosana."

"Mara ya kwanza," Renae alisema.

"Nilijua. Analiangalia hilo dohani kama mama mkwe anayekagua jiko la mke wa mwanawe."

Ilikuwa kweli. Tangu washuke garini Burl hakuwa ameondoa macho kwenye dohani nyuma ya kibanda. Moshi mweupe mzito ni wa moto usiopumua, na nyama yake huwa chungu ulimini. Aliomba kimoyomoyo uwe mweupe. Ulitoka mwembamba, wa buluu, hata kuuona ilibidi ukaze macho.

"Haya, moshi wanaujua," alikiri. "Moshi hata mjinga anaujua."

"Wiki iliyopita ulisema moshi ndiyo shule yote."

"Kula kolache yako, Renae."

Jua lilipanda. Watu walicheza karata, wakasimuliana habari za mvua na bei za ng'ombe, na Oleta akaimba sauti ya tatu ya wimbo wa kanisani mpaka yule kijana wa kitandani akaamka. Burl, ambaye alidhamiria kununa saa zote nne, alijikuta amekopesha kiti chake kwa mjamzito, ameeleza watu sita jinsi ya kuchagua mwaloni, na amemshinda Oleta karata mara mbili. Hakupenda kukiri kwamba anafurahi, kwa hiyo alilalamikia jua.

Ilipofika zamu yao, Burl alivua kofia. Nyuma ya kaunta alisimama mkataji, Tavo, mtu mwembamba mwenye mikono myeusi kwa ukoko wa nyama, na mbele yake kidari kizima kinachotoa mvuke. Desturi ya hapo ni kwamba anayekuja mara ya kwanza hupewa kipande cha pembeni mkononi, bure, kabla ya kuagiza. Tavo alimnyooshea.

"Jaji hali cha bure," Burl alisema, na Renae akakidaka kile kipande yeye.

Tavo alitabasamu. "Sawa, mzee. Nikukatie ya mafuta au ya mnofu?"

Swali hilo Burl alikuwa akilingojea wiki nzima. Mbele yake watu wote waliagiza ya mafuta.

"Mnofu."

Tavo aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama vizuri. "Mzee unapika."

"Kidogo."

"Hapa mnofu haulizwi ila na mpishi, au mtu aliyekatazwa mafuta na daktari."

"Daktari naye alinikataza, ila huyo simsikilizi. Mafuta yanasitiri dhambi za mpishi. Mnofu hauna pa kujificha."

"Ndiyo hivyo," Tavo alisema taratibu, akakigeuza kidari upande wa pili na kukata vipande vyenye unene wa penseli, kwa heshima, kama mtu anayejua anakaguliwa.

Walikaa kwenye meza ndefu ya wote, na Oleta akajisogeza mbele yao na mbavu zake. Nyama ilikuwa juu ya karatasi, na kando slesi za mkate, kitunguu na achari ya matango. Sahani hakuna, uma hakuna. Burl alichukua kipande kimoja akakilaza juu ya kidole chake. Kiliinama pande zote mbili bila kukatika. Akakivuta ncha kwa ncha, kikaachia polepole. Akakinusa. Kisha akakila.

Alionja mwaloni, chumvi na pilipili manga, basi, vitu vile vile alivyotumia yeye. Ila mnofu ule ulikuwa umelowa utamu mpaka ndani, na ukoko ulivunjika halafu ukayeyuka. Ndicho kitu alichokitafuta katika tanuri lake tangu ujana, na alikipata labda mara mbili maishani, kwa bahati, bila kujua alifanyaje. Hawa walikipata kila Jumamosi. Iliuma, na ilikuwa tamu, na hakujua aanze na lipi, kusikitika au kuongeza.

Renae alikuwa akimtazama tu.

Uongo ulikuwa karibu, tena mdogo. Angesema "si mbaya," na Oktoba ingekuwa yake, tanuri lake, magogo yake, na watu mia mbili wakija kumpiga begani. Nani angembishia? Alifungua mdomo.

"Ni ya kawaida," alisema.

Oleta aliangua kicheko. "Mzee, hicho ni kipande cha nne! Mdomo unasema lake na mkono unasema lake."

Burl alitazama mkono wake. Kweli ulikuwa umeshika kipande cha nne. Akakiweka chini, akajifuta vidole, akavuta pumzi.

"Ni bora kuliko yangu," alisema. "Na si kwa kidogo. Basi, imekwisha. Watapika wao."

Alingoja bintiye amcheke. Lakini alipoinua uso, alimwona Renae macho yamemjaa machozi.

"Sasa unalia nini? Si umeshinda?"

"Baba, hata ingekuwa ngumu kama soli ya buti, ningeipeleka harusini vilevile."

"Kwa hiyo saa nne zote tumeoka vichwa juani kwa ajili ya nini?"

"Kwa sababu wewe tanuri huliachii kwa lolote, ila ukishindwa kwa haki." Alivuta kamasi kama mtoto. "Komunio yangu ya kwanza ulikuwa kwenye tanuri. Nilipomaliza chuo Mama alinipiga picha peke yangu, wewe ulikuwa nje unageuza nyama. Nina albamu nzima, Baba, na wewe humo ni moshi tu nyuma ya watu. Kila mtu ananiambia nyama ya baba yako tamu, nyama ya baba yako tamu. Mimi sikuwahi kutaka nyama. Nilitaka uje ndani ukae na mimi."

"Nilikuwa napika kwa ajili yako," Burl alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Najua. Ndiyo maana sikuweza kukuambia."

Oleta alianza kukagua mbavu zake kwa bidii ya ghafla. Burl alikuwa mtu wa mikono, si wa maneno, na mikono haikuwa na la kufanya pale mezani. Akasimama, akaenda moja kwa moja mpaka kaunta.

"Wee mzee! Mstari uko huku!" watu walipiga kelele.

"Sinunui chakula, naoza binti!" Burl aliwajibu, na mstari mzima ukapiga makofi na miluzi, wakampisha.

Alimwambia Tavo tarehe, ukumbi, na idadi ya watu. Tavo aliandika, kisha akamtazama tena kwa lile jicho la mpishi kwa mpishi.

"Tunaleta vidari vizima, mzee, vimefungwa. Vinakatwa palepale watu wakisubiri, na mkataji asiyejua nyuzi za nyama zinaelekea wapi anaviharibu. Oktoba tuna kazi nyingi, watu hawatutoshi. Ila mtu anayeomba mnofu simwogopi." Aligeuza kisu chake kirefu, akakishika kwa ubapa, akamnyooshea Burl mpini. "Simama na kisu wewe. Hata aproni yetu nitakupa."

Maishani mwake Burl hakuwa amepewa heshima kama hiyo. Mkono wenyewe ulikwisha kuinuka. Nyuma yake Renae alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa ameacha kutafuna.

Burl akaushusha mkono.

"Tafuteni mtu mwingine, bwana," alisema. "Siku hiyo mkono huu utakuwa umeshikwa na bibi harusi."