Jina ambalo mama alikataa kulisoma

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Tarehe msiniulize, shule niliishia darasa la nne, ila tumbo langu linakumbuka. Mihogo tuliyoiacha mashamba ya zamani, tulipohamishiwa kijijini, ililiwa na nguruwe pori. Ya mashamba mapya ilikuwa bado mizizi kama kamba. Lori likatushushia magunia ya unga ulionuka gunia lenyewe. Juzi mkamwana wangu, hapa Heru Juu, kafungua unga uliosahaulika stoo. Harufu ile ile ikanipiga puani, nikakaa chini, nikamwona mama yangu amesimama mbele ya ubao.

Mama alikuwa mfinyanzi. Wasichana wa upande wetu wote walipitia mikononi mwake. Anakaa nyuma yako, mikono yake juu ya yako, udongo unapanda. Ukikosea, anauponda wote bila neno, mnaanza upya. Sasa nisikilizeni. Mwenye fimbo shuleni tulimwita mwalimu. Wa kanisani, katekista. Aliyetuonyesha kupanda mahindi kwa kamba, bwana shamba, na viatu vyake havikuwahi kuona tope. Hata cherehani ilikuwa na fundi, na fundi alikuwa na mwanafunzi. Mama yangu alikuwa Mama Yudita tu. Ukimuuliza anafanya nini na watoto wa watu, anakujibu, "Nafinyanga."

Kisomo cha watu wazima kilipofika, mama alikiingia kama mwenye njaa anavyoingia jikoni. Jioni nilirudia naye somo, mkaa mkononi, vigae vya vyungu vilivyopasuka ndiyo madaftari yetu. Nilikuwa na miaka kumi, nimevimba kichwa. Siku moja nilimchapa vidole kama tulivyochapwa sisi. Aliniangalia tu. Fimbo niliiweka chini mwenyewe.

Ikatangazwa kuwa mkaguzi anakuja kutoka wilayani, na mwanamke atakayesoma vizuri atawekwa kuwa mwalimu wa wanawake wenzake. Mama hakusema kitu mbele za watu. Ila akisonga ule ugali wa njano, amenipa mgongo, akasema, "Nipite njiani waseme, yule ni mwalimu."

Kabla ya siku yenyewe mwalimu wa kisomo alinipa karatasi niandike jina kamili la mama. La kwangu nililijua: Yudita, na mwisho Luboneka, jina la babu mzaa baba. Basi nikaandika kwa mwandiko wa kujidai: Sabina Luboneka. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji hata akiwa peke yake mtoni; akilitaja, husemwa, meno yatamdondoka. Wenzake wote waliandikiwa majina ya baba zao wenyewe. Nilijua hilo kama nilivyojua kutembea, lakini ya nyumbani nilizoea kuyaacha mlangoni pa shule pamoja na tope la miguu.

Siku ikafika. Wanawake kwenye mabenchi, sisi watoto dirishani, wazee nyuma. Babu yumo, maana alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mkaguzi, mtu wa mbali, tai shingoni, akanakili jina ubaoni kutoka kwenye karatasi yangu. Nilipoliona, nikang'ang'ania mbao za dirisha.

"Mama, soma jina lako."

"Sabina," akasema mama.

"Endelea."

"Hilo silitamki."

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Basi soma, watu wanasubiri."

"Hilo silitamki."

"Mwacheni, meno yatamdondoka!" akanong'ona jirani yetu, Mama Tereza, na wanawake wakachekea ndani ya khanga. Mkaguzi akadhani wanacheka ujinga wa mama. Nani angemweleza? Kila mmoja pale alikuwa mkamwana wa mtu, na kueleza kungekuwa kumnyooshea kidole mzee aliyeketi nyuma. Nikapiga kelele dirishani, "Anajua kusoma! Mimi ndiye niliyekosea!" Mwalimu akanifungia dirisha usoni.

Kwenye upenyo wa mbao nikamwona babu anasimama. Alikohoa kwanza. "Mkamwana, leo nakuruhusu. Taja tu, mwanangu."

Mama akapiga magoti, uso kaugeuzia ukutani kama inavyotakiwa, akatikisa kichwa. Chaki ya mkaguzi ikapita juu ya jina lake, mstari mmoja.

Aliwekwa Mama Tereza, aliyesoma akisukuma kidole kama anayefukuza siafu. Kesho yake tukaanza kumwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Mama naye alimwita mwalimu, bila kupinda mdomo.

Siku hizi wajukuu zangu wana ticha, wana madamu, wana mkufunzi chuoni. Mmoja wao mwenyewe anafundisha Kibondo, na nikimtaja shingo yangu inarefuka. Miaka mingi nilisema mama alishindwa kwa sababu yangu. Uzee umenionyesha jingine: asiyejua kusoma hajui akatae lipi. Kati ya maneno yote ya ubao ule, mama alilikataa lile moja. Mwanafunzi wangu alifaulu, na sikuwa na wa kumwambia. Wala sikuwa nimeelewa kuwa mbele ya wanawake wale wote, mwenye somo siku ile alikuwa yeye.

Nilichojua jioni ile ni kulia. Mkaguzi alikuwa bado kwa mwenyekiti, anakula kuku, na alisema mama akija kabla gari halijaondoka atamsikiliza tena. Nilimkuta mama uani, amechuchumaa, anakanda udongo. Nikamshika mkono uliojaa matope, nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

"Mama, twende. Babu karuhusu. Mara moja tu, mama, useme tuondoke."

Gari likasikika linawashwa. Mama akautoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, akaurudisha kwenye udongo.

"Hilo silitamki."