Shogi la Turubai

Wasomaji wangu, Jumanne ya wiki juzi nilirudi nyumbani nikakuta ujumbe kwenye mashine ya simu: yule bwana wa Lamu aliyekuwa akifanya kazi ghalani Landover amefariki. Ni moyo, walisema. Kama hamkumjua kwa sura, mnalijua gari lake, maana ni nani kati yetu hakupokewa nalo uwanja wa ndege au kuhamishwa nalo nyumba? Mimi alinihamisha mara mbili. Nimelia, na sioni haya kusema.

Wengi pia tulimcheka. Jumamosi zake zilikuwa Beltsville, kwa wazee wa Kizungu wanaopanda farasi msituni. "Wenzio wamekuja Marekani kuendesha gari," nilimwambia siku moja, "wewe umerudi kwenye punda." Akacheka, akanieleza. Kaunti ilitaka kuwapiga marufuku farasi kwenye njia ile, kwa sababu kwato ziliichimba mvua ikinyesha. Chama chao, watu sita waliokutana jikoni kwa bibi mmoja, kilikuwa kikiandika barua tu. "Nikawaambia, barua haizibi tope. Kwetu majumba yajengwa kwa mchanga uletwao na punda." Akashona mashogi ya turubai, yale mafuko yanayoning'inia mbavu zote mbili za mnyama, wakapeleka mchanga na kokoto mahali ambapo lori haliingii. Watu wakaiona kazi, wakajiunga. Njia ikaachwa wazi, na chama kikavuka mto mpaka kikawa na tawi Sterling, jimbo jirani. Kila shogi alilinyanyua kwa mkono, upande huu na ule, apime uzito, kabla farasi hajapiga hatua. Nikamtania kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hakupenda. "Na akifa, wa kesho taubeba nani?"

Kwa miaka miwili aliniomba jambo moja tu: "Njoo weekend moja uone, uandike, watu wetu nao waje." Nikawa namjibu inshallah, na mara nyingi katika simu hiyohiyo nikamwomba anipokelee mgeni uwanja wa ndege wa Dulles. Hakukataa hata mara moja, hata alipokuwa ametoka zamu bila kulala.

Makaburini wapanda farasi walikuwa wengi kuliko sisi, wamesimama nyuma, kofia mikononi. Yule bibi akaniuliza kwa upole kama ndimi rafiki aandikaye gazetini. Nikasema ndimi. "Kila Jumamosi alikutengea farasi mpole," akasema. "Mtu mwingine akimtaka, alikataa. Alisema, leo huenda akaja."

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Nikajaza kokoto katika shogi lake kwa bidii ya mwenye hatia, mpaka bibi akaja, akanyanyua upande mmoja, kisha wa pili, akapunguza makoleo mawili bila kunisema. Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu akipanda ngazi zangu na kabati mgongoni, anahema, nami nikimwelekeza pa kuliweka.

Mtu asiyejua kukataa tunamsifu, kisha tunamwongezea. Kabla hujampigia simu mtu wa namna hiyo, nyanyua kwanza alichokwisha kubeba. Yeye alimfanyia hivyo kila farasi wa Beltsville. Sisi, nami nikiwa wa kwanza, hatukumfanyia yeye.