Sare Aliyoikataa Mjomba

Kosa nitakalokueleza, mwanangu, ni woga unaojiita adabu. Wengi tunalo, na ni wachache wanaolitambua, kwa sababu halina sura ya kosa: linasema kwa sauti ya chini, linainamisha kichwa, na majirani hulisifu. Mimi nililitenda hadharani, mbele ya ubao wa sataranji, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Siku hiyo naikumbuka kuliko siku niliyopokea diploma yangu. Yuko mtu aliyenivua kosa hilo kabla halijanizoea, na jina lake nitalitaja mwishoni, baada ya kukupa sababu ya kulikumbuka.

Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama yangu, mshonaji wa nguo katika soko la Kasongo. Mama aliolewa Kabambare, katika jamaa ya wakulima Wakristo. Mjomba alibaki Kasongo na cherehani yake, msikiti wake na kofia yake nyeupe ya Ijumaa. Nilipomaliza shule ya msingi nilitumwa kwake nisome sekondari, na hapo, kwenye benchi nyuma ya cherehani, ndipo aliponifundisha mchezo huu. Vipande vyake vilikuwa kamili isipokuwa malkia mweusi, aliyepotea zamani. Nafasi yake ilishikwa na bobini ya uzi. Nilijifunza kuiogopa bobini ile kabla sijajifunza kuiogopa mitihani.

Alifundisha kama alivyoshona. Mshono ukienda kombo, hakujaribu kuuficha kwa pasi. Aliufumua wote, hata mteja akiwa amesimama mbele yake anahema kwa hasira. Nami nikicheza ovyo, alivirudisha vipande mahali pake na kusema, "Fumua, mama. Anza tena," kwa kuwa kila msichana kwake aliitwa mama. Kulikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka nikachoka kulisikia: wakibaki malkia wawili na askari mmoja, mfalme mwenye askari asijifiche, atoke atembee. Sikumwelewa. Katika umri ule niliyaona maficho kuwa ndiyo akili yenyewe.

Baadaye nilirudi Kabambare kufundisha, na pamoja na walimu wenzangu wawili tukaunda timu. Mwaka ule tuliitwa Kasongo. Ilikuwa watu watatu kwa watatu, na upande utakaoshinda ungekwenda Kindu kwenye mashindano ya jimbo. Timu zikitoka sawa, Kasongo wangekwenda, kwa kuwa wao ndio walioshinda mwaka uliotangulia. Tulisafiri kwa baiskeli siku mbili, kwa njia unayoijua wewe mwenyewe. Mwenzangu Donatien alinipakia nyuma yake, na kwenye vilima tuliteremka tukasukuma pamoja. Hakulalamika hata mara moja, ila kufika mto wa mwisho alisema, "Mwalimu, ukishindwa, kurudi utanipakia wewe."

Donatien alishinda mchezo wake. Mwenzetu wa pili alishindwa. Ukabaki ubao wa tatu, wangu, na aliyekaa upande wa pili alikuwa mjomba.

Tulicheza katika ukumbi wa shule moja ya kanisa, na nusu ya soko ilikuwa imehamia humo. Kufikia alasiri, vipande karibu vyote vilikuwa vimekwisha kuliwa. Nilikuwa na malkia na askari mmoja, aliyebakiza mraba mmoja tu ili naye afanywe malkia. Mjomba alikuwa na malkia peke yake, na mfalme wake alikuwa amemweka kwenye pembe ya mbali ya ubao. Asiyeujua mchezo atadhani hapo nilikuwa nimeshinda. Sivyo. Malkia wa mjomba alimtishia mfalme wangu kila hatua: mara kutoka pembeni, mara kutoka nyuma, mara kwa mshazari. Kila nilipotishiwa nililazimika kumwokoa mfalme, na askari wangu akabaki pale pale, hana nafasi ya kupiga hatua yake moja. Na kanuni ni kwamba hatua hamsini zikipita askari asisogee wala kitu kisiliwe, mchezo ni sare. Mwamuzi, mtu wa Nyangwe mwenye miwani minene, alikuwa akizihesabu kwa vijistari kwenye karatasi.

"Mwalimu, malkia wako anachoka, umupe chai!" alipaza sauti muuza chumvi mmoja.

"Mujomba, usikubali mutoto wa dada akuvue kofia!" akadakia mwingine, na ukumbi ukacheka.

Mimi sikucheka. Mfalme wangu alizunguka kando ya askari wake kama mtu anayetafuta kivuli saa sita, na kila kivuli mjomba alikifikia. Vijistari vya mwamuzi vilipopita ishirini, mwanangu, mawazo mazuri mazuri yakanijia. Huyu ndiye aliyenilisha miaka sita. Huyu ni kaka wa mama yangu. Itakuwaje nimwaibishe mbele ya wateja wake? Na saa ya sala yake inakaribia. Angalia jinsi woga unavyojua kuchagua nguo! Nilikuwa nimechoka na nimeogopa kushindwa, basi. Lakini sikujiambia hivyo. Nilijiambia kwamba nina heshima.

Nikainama juu ya ubao, nikanong'ona, "Mujomba, tuache hivi. Tuwe sawasawa."

Hakuinua macho. "Unachoka?"

"Hapana, mujomba. Ni heshima tu. Na saa ya sala yako iko karibu."

"Sala yangu ninaijua mimi." Ndipo akanitazama, na mtazamo ule nilikuwa nimeuona akiwa na mkasi mkononi, mbele ya kazi mbovu. "Ule kijana alikupakia siku mbili. Umemuuliza?"

Niliinamisha kichwa.

"Sare ninaitafuta kwa mikono yangu, mama. Usiniletee kwenye sahani. Na nguo hii umeishona mpaka hapa. Upindo unamuachia nani?" Mwamuzi alikohoa kwa ukali, na mjomba akanyamaza. Kisha, kana kwamba hakukuwa na neno lililosemwa, akamtishia mfalme wangu tena.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na vingine vimeandikwa na watu wenye hekima kubwa. Hakuna ukurasa ulionichoma kama maneno yale machache. Niligeuza shingo nikamwona Donatien kwenye benchi la nyuma, suruali yake ingali na matope ya njiani, anautazama ubao asioweza kuusoma kutoka pale alipokaa. Sare niliyotaka kuigawa kwa ukarimu mkubwa ilikuwa mali yake. Nilikuwa nataka kumheshimu mjomba kwa miguu ya Donatien.

Basi nikafumua. Nilimtoa mfalme wangu kando ya askari, nikamtembeza katikati ya ubao, mahali pasipo na kitu cha kumficha. Wakaguna nyuma yangu. Muuza chumvi akasema, "Mwalimu amepotea, iko anaenda kwa adui!" Ni kweli, nilikuwa naenda kwa adui. Mjomba alinitishia, nikateremka mraba mmoja kuelekea pembe ya mfalme wake. Akanitishia, nikateremka mwingine. Kadiri mfalme wangu alivyomkaribia wake, ndivyo njia za malkia wake zilivyopungua, na polepole nikaanza kuelewa kile nilichokisikia miaka sita kwenye benchi bila kukisikia.

Vijistari vilikuwa arobaini na moja malkia wake aliponitishia kutoka upande wa kulia. Safari hii sikukimbia. Nilimwingiza malkia wangu kati ya malkia wake na mfalme wangu, ambaye alikuwa akimlinda ubavuni, na alipotua pale, yeye naye akawa anamtishia mfalme wa mjomba kwa mshazari mpaka kwenye pembe yake. Mjomba hakuwa na namna: malkia ilibidi wauane, na wakiuana, hakuna wa kumzuia askari wangu.

Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Hakuwa na haraka, ingawa mwadhini alikuwa ameanza. Kisha akamlaza mfalme wake chini kwa kidole kimoja, taratibu, akasimama na kuugeukia ukumbi. "Mumeona?" akasema. "Mutoto wa dada yangu. Ni mimi nilimufundisha." Na sauti yake, mwanangu, haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Mpaka leo nikiwa na huzuni naikumbuka sauti ile nami nainuka.

Sitakuficha kwamba wenzake wawili walimlaumu, na sitasema hawakuwa na sababu. Kindu walikuwa wameitamani. Jioni ile, mbele ya duka lake, mmoja alimwambia, "Mutoto alikupa bure, ukakataa!" Mjomba alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Alijibu, "Nilipigania mpaka kipande cha mwisho, ulikuwa pale. Lakini ningeenda Kindu na nini? Na huruma ya mutoto?" Akakanyaga pedali, na mazungumzo yakaishia hapo. Nasi tukarudi Kabambare, na Donatien akanipakia njia yote akiimba, kwa uimbaji mbaya kupita kiasi.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi, katika klabu yetu ya shule, nilikuona ukimnyooshea mkono mtu aliyekuzidi umri na kumwomba sare, askari wako akiwa amebakiza hatua mbili. Ulitabasamu, na waliokuwapo wakakusifu kwa malezi mema. Mimi sikukusifu. Siku nyingine ukijisikia unataka kuacha kazi kwa ajili ya heshima, jiulize kwanza: kama nisingekuwa nimechoka, ningeiita heshima? Kisha jiulize unachokitoa ni cha nani, na nani alikupakia mpaka hapo. Mkubwa wako mheshimu kwa salamu, kwa kiti, kwa kumtii anapokuonya. Ubaoni mheshimu kwa kucheza yote unayoyajua, kwa maana mengi kati ya hayo ameyatoa yeye. Na ukitishwa kila upande, usizunguke kivuli chako. Toka, tembea, ufike karibu na kile unachokiogopa.

Mungu akupe miguu isiyochoka mapema, na akupe mpinzani mmoja mwenye roho kubwa kiasi cha kukukatalia zawadi mbaya. Mimi wangu nilimpata. Macho yake sasa hayaoni tundu la sindano, wajukuu humtungia uzi. Lakini ubao anauona vizuri, na tangu siku ile amenishinda mara mbili, na sijamwomba sare tena. Ukipita Kasongo, ingia sokoni, umsalimie kwa mikono miwili. Anaitwa Sumaili Mulamba.