Kahawa Haikai na Dagaa

Sijawahi kuwa na shughuli moja maishani mwangu, na watu wa kwetu hawajawahi kuniacha nipumzike kwa hilo. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama, huko milimani juu ya Mbinga mjini, kilikuwa na cherehani yangu dirishani, miche ya parachichi kwenye vifuko vyeusi pembeni, na ndoo ya unga wa maandazi nyuma ya mlango. Barazani yalikaa magunia ya dagaa. Mgeni akiingia haelewi kama amefika kwa fundi, kwa mama lishe au sokoni. Mimi nilikuwa najielewa. Nikiona mtu anafanya kitu kikapendeza, mikono inaniwasha na mimi nikifanye, na nikishakifanya nakipenda kweli.

"Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," mama alizoea kuniambia, halafu anacheka mwenyewe.

Yeye alikuwa na kahawa, basi. Alipoolewa aliikuta mibuni michache, wakaongeza na baba, baba akafariki, akaendelea peke yake. Kahawa yake ndiyo iliyokuwa inatolewa mfano kwenye kikundi chao. Wageni wakija, Mama Mwenyekiti, jirani yetu anayeongoza kile kikundi, anawaleta kwanza kwetu waone jinsi mama anavyochambua punje. Siku hizo mama anavaa kitenge cha kanisani na kujifanya hajui kwa nini wamekuja.

Kuna bwana mmoja wa semina ya wajasiriamali aliyetukusanya kwenye ukumbi wa parokia akatuambia kila mmoja achague biashara moja, nyingine aziache. Nilimsonya kimoyomoyo. Yeye mshahara unaingia mvua inyeshe isinyeshe. Angejuaje kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki, na watu wakiwa mashambani hakuna anayeshona nguo, na kahawa inakuja mara moja kwa mwaka kama Krismasi? Kimoja kikilala kingine kinaamka. Ndivyo nilivyowalisha wanangu tangu baba yao alipoamua kwamba Songea kuna hewa nzuri zaidi.

Basi ikaja Juni. Nilikuwa nimepanda kutoka ziwani na dagaa wa kutosha, wale wadogo wakavu ambao watu wa kule wanawaita usipa. Nikayapanga magunia barazani, nikakimbilia mjini kumalizia magauni ya harusi. Bibi harusi alikuwa amenenepa ghafla, sababu anaijua yeye, ikabidi nifumue na kushona upya, nikalala huko. Milimani ukashuka ule ukungu wa baridi na manyunyu yasiyokatika. Mama akaona dagaa wa mwanawe watalowa. Na ule mgongo wake unaomuuma, akayaburuta gunia kwa gunia hadi ndani, akayapanga kwenye chumba kikavu kuliko vyote nyumbani, chumba cha kahawa.

Niliporudi jua lilikuwa limetoka, na magunia yako barazani tena, makavu; mama akasema tu kwamba aliyaingiza ndani yasilowe. Nilimshukuru, tena nilimkumbatia, nikayapakia magunia kwenye bodaboda kwenda sokoni. Wiki ile ile mama akapeleka kahawa yake kikundini, ikamwagwa pamoja na ya wenzake kama kawaida.

Kwa asiyeijua kahawa niseme tu kwamba inavuta harufu. Ukiiweka karibu na mafuta ya taa itanukia mafuta ya taa, ukiiweka karibu na moshi itachukua moshi, na hata ukiikaanga harufu ile haiondoki. Huku kwetu kila mtu anajua hilo, mama zaidi ya wote. Ndiyo maana Mama Mwenyekiti alipofika akiwa na uso uliosawijika, akasema waonjaji wameikataa kahawa ya kikundi chote kwa sababu ina samaki, nilibisha mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Samaki wa wapi? Kwa mama yangu? Hata!

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi. Akaacha kumenya.

Jumapili baada ya misa wakakaa pale nje ya kanisa, wanakikundi wote, na wengine ni watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto. Mama alisimama kabla hajaulizwa. Akasema, "Ni mimi. Niliingiza dagaa." Hakunitaja. Hawakumtukana, na heri wangemtukana. Mzee mmoja alikohoa, kisha Mama Mwenyekiti akasema taratibu kwamba watamwachia nafasi yake, ila nyumba ya kahawa iwe ya kahawa. Likitokea tena, auze kivyake. Mama akaitikia kwa kichwa. Sijawahi kuona aibu ikimkaa mtu mzima namna ile, na nilitamani ardhi inimeze mimi badala yake.

Njiani sikuvumilia. "Mama, hukusikia harufu? Magunia yale hata kipofu angeyafikia."

Akatembea kwanza. Tulipofika kwenye kona ya mashamba, pasipo na watu, akasema, "Sisikii harufu yoyote mwanangu. Tangu ile homa. Hata maharage yakiungua sijui mpaka nione moshi. Magunia yalikuwa mbele yangu, sikukumbuka kabisa kwamba yananuka."

Homa ile ilikuwa na zaidi ya mwaka. Kumbe msimu mzima uliopita alikuwa anavundika kahawa, ile ya kuiacha ichachuke kabla ya kuoshwa, kwa kubahatisha, yeye ambaye alikuwa anainamia beseni, ananusa mara moja tu na kusema hii ioshwe sasa hivi, hii bado kidogo. Alificha kwa sababu mkulima wa kahawa asiye na pua ataambiwa apumzike, na mama hakutaka kupumzika. Kuna nini kule kwenye kupumzika? Kigoda na ukuta.

"Kaa na mimi," akasema. "Uwe pua yangu. Hivyo vingine viache."

Sikulala vizuri kwa muda mrefu. Maandazi niliyaacha bila kulia. Miche niliigawa, na kila nikipita kwa jirani nikaiona imekua roho iliniuma. Cherehani nilimwachia mdogo wa shoga yangu, ikanichoma zaidi, maana mguu wangu uliendelea kukanyaga hewa chini ya meza. Vikabaki viwili, kahawa na dagaa, na hapo ndipo nilipokwama.

Ningesema nilichagua kwa ajili ya ada, na si uongo. Watoto walikuwa shule ya bweni Kigonsera, na shule haisubiri msimu wa kahawa. Lakini kuna na lile lingine ambalo sikumwambia mtu. Nilipenda ziwa. Nilipenda kufika ufukweni Kihagara alfajiri mitumbwi inapoingia, wanawake wanagombania ndoo na kutukanana kwa Kinyasa, halafu baada ya dakika wanachekeana. Nilipenda kuwamwaga dagaa kwenye vichanja vya matete na kuwageuza jua likichoma mgongo. Nikiwa kule nilijiona mtu mzima mwenye lake. Nikiwa kwenye mibuni ya mama nilijiona mtoto aliyetumwa.

Nikachagua dagaa. Nikamweleza mama kwamba nitapanga chumba Kihagara, dagaa hawatakanyaga tena nyumbani, na kila msimu wa kahawa nitapanda nimnusie. Kuvundika angesaidiwa na Mama Mwenyekiti, ambaye sasa alishajua habari ya pua. Mama aliniangalia kama anayesubiri niseme kingine. Kisha akasema amesikia, akanifungia mahindi ya kuchemsha ya njiani.

Mwaka jana nilipanda kama nilivyoahidi. Nilijisugua kwa ndimu na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Nikavaa gauni jipya ambalo halijawahi kuliona ziwa, nikasuka nywele upya mjini kabla ya kupanda. Mama alinipokea kwa furaha ambayo sikuistahili, akanivuta mkono moja kwa moja hadi chumba cha kahawa. Akafungua gunia, akachota kiganja cha kahawa kavu, akakileta puani kwangu.

"Inasemaje?"

Nikavuta pumzi kwa nguvu. Niliisikia kahawa yenyewe na vumbi lake. "Ni safi, mama. Haina kitu."

"Nusa tena."

"Haina kitu kabisa."

Loo, mama alivyochangamka! Akaanza kunisimulia jinsi alivyoigeuza juani, jinsi alivyoamka kuifunika. Tukiwa pale tukasikia "Tumsifu Yesu Kristo" mlangoni. Ni Mama Mwenyekiti, amekuja kuikagua kabla haijapelekwa kupimwa.

"Milele amina. Shikamoo mama," nikasema nikimwendea.

"Marahaba." Akasimama palepale kizingitini. Akaangalia jikoni, akaangalia ndani. "Leo mnapika dagaa?"

Hatukuwa tumepika kitu tangu asubuhi. Mafiga yalikuwa ya baridi. Nilicheka, nikamwambia labda harufu inatoka kwa jirani. Yeye hakucheka. Alinipita, akainama kwenye gunia, akanusa kahawa kwa muda, akasema bado nzima, namshukuru Mungu. Kisha akasimama wima akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonieleza. Ni mimi niliyekuwa nanuka. Harufu ilikuwa kwenye nywele, kwenye mkoba, kwenye ngozi, Mungu anajua wapi. Wauza dagaa tuna ugonjwa huo, baada ya muda hatujisikii. Nilikuwa nimeapa kahawa haina kitu, na kama ingekuwa inanuka ufukwe mzima nisingejua.

Mama alielewa kabla yangu. Alilifunga lile gunia, akakaza kamba, halafu akanishika bega akanitoa nje taratibu. Akanipa kigoda chini ya ukingo wa paa, akaniletea chai. Kahawa ilipokaguliwa nilikuwa huko nje na kikombe changu.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. "Mwanangu," akasema, "usije wakati wa kahawa. Njoo ikishaondoka. Njoo Krismasi, kaa utakavyo, lala chumba chochote."

Alisema kwa upole, na hakukuwa na cha kumlaumu. Ningependa angenifokea ili na mimi nipate pa kujibu. Nilipanda bodaboda nikalia hadi Mbinga mjini, dereva akajifanya anasikiliza injini.

Mwaka huu kahawa imechelewa kuiva, na baridi ya milimani imekuwa kali. Mama Mwenyekiti alinipigia simu kwamba mama kifua kimembana, anakohoa, uji anaonja tu anaacha. Nilikuwa kwenye vichanja, dagaa wamemwagwa nusu. Nikaomba apewe simu.

"Mama, nakuja leo."

Nilimsikia akivuta pumzi, fupi fupi, kama anapanda mlima akiwa amelala.

"Kahawa bado iko ndani," akasema.

"Mama, achana na kahawa!"

"Bado iko ndani, mwanangu. Subiri iondoke."

Simu ikarudishwa kwa mwenyewe. Nilibaki nimesimama pale Kihagara, na jua limekwisha kuwa kali, na dagaa wakiachwa nusu wanaharibika. Nikainama nikaendelea kuwatandaza.