Sahani ya Mama Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ofisi alinipokea akiwa anafuta vumbi jeusi la lava juu ya meza kwa mkono wa koti lake. Hakuniuliza habari za diploma. Aliniuliza kaya ni nini. Nikamjibu kama tulivyofundishwa katika sosholojia: baba, mama na watoto wao chini ya paa moja. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, hapa Goma paa inaweza kuungua, na baba anaweza kuwa mbali kule Walikale," akasema. "Angalia chungu. Wenye kula chungu kimoja, ile ndiyo kaya."

Nyinyi vijana mnaosoma sosholojia leo mna simu za kuwajumlishia majibu kabla hamjafika nyumbani. Sisi asistanti sosiali, yaani watu wa ofisi ya mambo ya jamii, tulitembea mpaka viatu vikaliwa na yale mawe ya lava. Nilianzia mtaa wa Birere, na huko nikajifunza kwamba taasisi si lazima iwe na jengo wala muhuri. Wamama wa avenyu moja wanaopeana zamu ya kuni na maji kila penye matanga ni taasisi, na ole wako ukikosa zamu yako. Nilikosa mara moja, nikasemwa mpaka kanisani.

Kisha nikahamishiwa Mugunga, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Huko nilikabidhiwa jambo la mtoto wa miaka minne hivi, jina lake Sifa. Alipotezana na mama yake njiani, watu walipokuwa wanakimbia kutoka Masisi, akafika kambini mgongoni mwa mwanamke asiye ndugu yake. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa amewauliza wanawake watatu waliokaa naye, na kila mmoja alijibu kwamba mtoto si wake. Basi ofisi ikaamua apelekwe kituo cha yatima mjini. Mimi nilitumwa kuthibitisha tu.

Nilifika mchana, nikauliza, nikajibiwa vilevile. Mkubwa wao, Mama Kahindo, hakuinua hata macho kutoka kwenye bugali aliyokuwa anasonga. Alisema mtoto si wake, na wale wawili wakasema hivyohivyo. Nilikasirika, nikajiambia kwamba vita imewakausha mioyo. Ila njaa ilikuwa inaniuma, na walipokwisha kunikaribisha, nikakaa.

Ndipo nikakumbuka kuangalia chungu. Kilikuwa kimoja. Wale watatu walipika kwa zamu kwenye mafiga yaleyale, na watoto wote wakala pamoja. Mama Kahindo alimnawisha Sifa mikono kabla ya watoto aliowazaa mwenyewe. Halafu akamega bugali, akaiweka na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kisahani cha plastiki, akakifunika kwa kitambaa na kukitenga. Hakuna mtoto aliyekigusa. Niliuliza ni cha nani, na Sifa ndiye aliyenijibu.

"Ya mama," akasema.

Nikaacha maswali ya ofisi. Nilimweleza Mama Kahindo waziwazi kwamba kwa majibu yao yale, mtoto ataondolewa. Tonge likasimama mkononi mwake.

"Mama, miye nikisema huyu mutoto ni wangu, nitakuwa nimemuzika mama yake," akasema polepole. "Na kama anafika kesho, nitamuambia nini? Haiko wangu. Tuko tunamulinda."

Nililia palepale, na sioni haya kusema. Walikuwa wakimheshimu mama asiyekuwepo, sisi tukasikia kwamba wanamkataa mtoto.

Mkuu wa Ofisi alibisha kwanza. Sheria inataka mlezi mmoja, akasema, na hawa ni watatu wasio ndugu. Nikamkumbusha ni nani aliyeniambia niangalie chungu. Basi akasema abaki. Sifa akabaki.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Katindo na magoti yangu yanayolia. Wanafunzi wakija kuniuliza jamii ya mji inashikwa na nini, huwa nawatuma kwanza wakale kwa watu. Mama yake Sifa hakurudi. Lakini juzijuzi Sifa aliposwa, na mimi nikaalikwa. Wale mama watatu walikaa upande wetu, nywele zimekuwa nyeupe, na katikati yao waliacha kiti kitupu, mbele yake kisahani kilichofunikwa kitambaa. Mjomba wa kijana aliyemposa, mtu wa Rutshuru mwenye adabu zake, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini mama wa binti ni yupi kati ya wale watatu.

Nilikuwa na maelezo mengi ya kitaalamu. Nikayaacha, nikamwonyesha kiti.

"Mama yake hajafika, papa," nikasema. "Hawa banamulindia."